Kuuona Ukuu wa Mungu Katika Siku za Kawaida: Mwongozo Kamili

Zaburi ya 147 inaweka mambo mawili bega kwa bega, na ukisoma haraka unayapita. Mstari wa 3 unasema Mungu huwaponya waliopondeka moyo na kuziganga jeraha zao. Mstari wa 4 unasema huihesabu idadi ya nyota na huzipa zote majina. Katikati hapana hata neno moja la kuunganisha. Kwa mtunzi, anayefunga jeraha na anayeita nyota kwa majina ni yuleyule, na hakuona haja ya kueleza zaidi.

Wengi wetu tumewatenganisha. Shida ikibisha hodi tunamwendea Mungu wa mstari wa 3, yule wa kufuta machozi, wa ada ya shule, wa homa ya mtoto. Mungu wa mstari wa 4 tumewaachia wanakwaya. Ndiyo maana maombi yetu mengi yamejaa hofu: tunaomba msaada kwa Mungu ambaye ukuu wake hatujawahi kukaa chini tukautazama. Hatua zifuatazo ni za kuturudisha kwa Mungu mmoja wa mistari yote miwili. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi, watoto, foleni ya barabarani na simu inayoita. Huhitaji kupanda mlima wa maombi ili uanze.

Hatua ya kwanza: Chagua andiko moja ukae nalo mwezi mzima

Usianze na milima wala bahari. Uumbaji unakuonyesha kwamba Muumba ni mkuu, lakini haukwambii kwamba mkuu huyo anakujua. Hilo utalipata kwenye Neno. Chagua andiko moja kati ya haya: Zaburi 104, Zaburi 145, Isaya 40, au Ayubu 38 hadi 41. Kama zoezi hili ni geni kwako, chukua Isaya 40. Ina mistari 31 tu, na kila mstari una uzito wake.

Wiki ya kwanza isome yote kila siku, kwa sauti. Macho peke yake hukimbia, hasa kwenye maandiko tuliyoyazoea. Mdomo unalazimika kupita kwenye kila neno.

Wiki ya pili chukua daftari uandike kila jambo ambalo Mungu analifanya katika sura hiyo. Analisha kundi. Anawachukua wana-kondoo kifuani. Anapima maji. Anazitandaza mbingu. Anaita nyota. Anawapa nguvu wazimiao. Ukimaliza, tazama mistari ya 11 na 12 ilivyokaa. Katika mstari wa 11, mkono wa Mungu unakusanya wana-kondoo. Katika mstari wa 12, mkono huohuo unapima maji ya dunia kwa konzi. Ni jambo lilelile la Zaburi 147, na ukishaliona mara mbili utaanza kukutana nalo Biblia nzima.

Wiki ya tatu kaa na mstari wa 12 peke yake. Maji kwa konzi ya mkono, mbingu kwa shubiri, mavumbi ya dunia katika pishi, milima kwenye mizani. Hivi ni vipimo vya jikoni na sokoni. Sasa nenda bombani, kinga maji kwa kiganja kimoja, uone yanavyotosha na yanavyovuja. Lifanye kweli, usiishie kuliwaza. Kisha fikiri juu ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Fikiri Kilimanjaro, mita 5,895, likiwekwa mizanini na Yeye asiyetokwa jasho.

Wiki ya nne kariri mistari ya 11, 12 na 26. Utaihitaji mahali ambapo huwezi kufungua Biblia: ndani ya daladala iliyojaa, kwenye benchi la hospitali, mbele ya bosi aliyekasirika.

Usisahau maneno haya yaliwalenga akina nani. Mstari wa 27 unawataja: watu waliokuwa wakisema njia yao imefichwa, Bwana haioni. Walikuwa wamevunjika. Nao hawakupewa kwanza tarehe ya shida kwisha. Walionyeshwa kwanza Mungu ni nani.

Hatua ya pili: Panga upya maombi yako

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yanapotokea, na ndipo wengi hukata tamaa mapema, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 4. Petro na Yohana wametoka kutishwa na wakuu wa Yerusalemu na kukatazwa wasihubiri kwa jina la Yesu. Wanarudi kwa wenzao, wote wanainua sauti zao. Ungetegemea waanze na kitisho chenyewe. Hawakuanza hapo. Walianza na Mola aliyefanya mbingu na nchi na bahari na vyote vilivyomo, wakapita kwenye Zaburi ya 2, wakakumbuka jinsi Mungu alivyotawala hata katika kifo cha Yesu. Ombi lao linaanza mstari wa 29, na ni fupi: viangalie vitisho vyao, utupe ujasiri. Hawakuomba hata vitisho viondolewe. Kwa mtu aliyekwisha kumtazama Muumba wa bahari kwa mistari mitano, baraza la Yerusalemu linakuwa limerudi kwenye kimo chake halisi.

Mfalme Hezekia alifanya vivyo hivyo na barua ya vitisho ya Waashuri katika 2 Wafalme 19. Aliikunjua mbele za Bwana, akaanza na Mungu aketiye juu ya makerubi, aliyeziumba mbingu na nchi, barua ikafuata. Na Bwana wetu alitufundisha “jina lako litukuzwe” kabla ya mkate wa kila siku.

Kwa vitendo, fanya hivi. Dakika tano za kwanza za maombi yako usiombe kitu chochote. Chukua sifa moja tu ya Mungu kutoka kwenye andiko lako la mwezi, umwambie unaamini hivyo, na kwa nini. Sifa moja inatosha. Tuna mazoea ya kumimina majina ya Mungu mfululizo, Simba wa Yuda, Mungu wa miungu, Jehova Yire, kwa kasi ambayo hata sisi wenyewe hatusikii tulichosema. Majina hayo ni ya kweli na ni matamu. Lakini Yesu alituonya katika Mathayo 6 kuhusu kupayuka-payuka. Jina moja likitamkwa taratibu, na sababu yake ikafuata, linafanya kazi ndani yako kuliko ishirini yaliyopita kama upepo.

Kisha leta shida yako, na uilete kupitia sifa hiyohiyo. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko anaweza kuomba hivi: “Baba, neno lako linasema wewe Muumba wa miisho ya dunia huzimii wala huchoki. Usiku huu wote nimelala, wewe hukulala. Mimi nimeamka nikiwa nimechoka, na mtaji uliobaki ni wa siku moja. Wewe usiyechoka, shika mikono yangu leo, uniletee wateja, unipe na uso wa kuwapokea.” Ombi hilo halichukui hata dakika moja. Limemtaja Mungu na shida kwa pumzi moja, kama zaburi ilivyofanya.

Siku za mwanzo dakika tano zitakuwa ndefu. Mawazo yatakimbilia madeni. Yakikimbia, rudi kwenye mstari wako, usome tena kwa sauti, uendelee. Usianze kujihukumu katikati ya sala, maana kufanya hivyo ni kugeuza macho tena kutoka kwa Mungu kujitazama mwenyewe.

Hatua ya tatu: Toka nje usiku

Isaya 40:26 ni amri: inueni macho yenu juu, mkaone. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuitii kwa kutoka nje na kuinua macho?

Kwa anayeishi mjini, usiku mzuri kuliko yote ni ule umeme unapokatika. Badala ya kulalamika gizani, chukua watoto, tokeni uani au pandeni darini kama paa ni la zege. Subirini dakika kumi hadi kumi na tano bila kuwasha tochi ya simu, macho yazoee giza. Kwa wa kijijini, baraka hii ipo kila usiku usio na mawingu wala mbalamwezi.

Tafuta Kilimia, kishada cha nyota. Kuanzia Novemba hadi Machi kinaonekana vizuri jioni. Mwezi wa Januari, saa mbili au saa tatu usiku, tazama juu utafute nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Hizo ndizo mshipi wa Orioni. Ufuate mstari huo kuelekea upande wa kaskazini-magharibi; utakutana na nyota yenye wekundu, na mbele yake kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia. Wakulima wa pwani yetu walihesabu misimu kwa kukitazama, na wahenga wakasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na Mungu alikitaja kwa jina alipomuuliza Ayubu, katika sura ya 38 mstari wa 31, kama anaweza kuufunga mnyororo wa Kilimia au kuvilegeza vifungo vya Orioni.

Kwa macho utahesabu nyota sita hivi. Kundi zima lina zaidi ya elfu moja. Na nuru unayoiona imesafiri takribani miaka 440 kukufikia. Ilipoondoka kule, Wareno walikuwa hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1593. Hicho ni kishada kimoja, na ni jirani yetu wa karibu kwa vipimo vya anga. Katika kundi letu la Njia ya Maziwa peke yake wanaastronomia wanakadiria nyota zaidi ya bilioni mia moja. Bwana anaziita zote kwa majina, na hapana moja isiyokuwapo mahali pake.

Simama hapo usome Zaburi 8, au uiseme kwa moyo kama unaikumbuka. Swali la Daudi, mtu ni kitu gani hata umkumbuke, lina maana tofauti ukilisema shingo ikiwa imeinama nyuma chini ya anga halisi. Angalia pia kwamba Daudi hakuhitimisha kuwa mtu si kitu. Aliendelea kusema Mungu amemvika mtu taji ya utukufu na heshima. Neno la tahadhari ni moja: Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kuviabudu vya angani. Nyota hazipangi ndoa yako wala biashara yako, na anayekuuzia utabiri wake anakuvuta kwa kiumbe badala ya Muumba.

Mchana nao una yake. Mvua za masika zinapoanza kunguruma, soma Zaburi 29 huku radi inapiga. Ni zaburi ya dhoruba, na sauti ya Bwana inatajwa humo mara saba. Tazama kiota cha ndege mfumaji kinavyoning’inia kwenye tawi, kimesukwa kwa mdomo, bila mikono. Tazama mbegu ya mbuyu ilivyo ndogo, ukijua kuna mibuyu iliyosimama zaidi ya miaka elfu. Kila wiki chagua kiumbe kimoja, kitazame kwa dakika chache, andika mstari mmoja daftarini. Hutahitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya nne: Weka mkono kifuani

Hii ni fupi na inafanyika popote. Ukiwa kwenye foleni ya benki au kituoni, weka mkono kifuani usikilize moyo. Unapiga mara 100,000 hivi kwa siku, na hakuna pigo hata moja uliloliagiza wewe. Sema, “Bwana, nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha,” maneno ya Zaburi 139:14, kisha endelea na safari yako.

Hatua ya tano: Jumamosi iitengeneze Jumapili yako

Ibada ya ukuu wa Mungu haianzi kengele inapolia. Jumamosi jioni soma tena andiko lako la mwezi, lala mapema kama hali inaruhusu, uende kanisani ukiwa na neno moja la kumsifu Mungu tayari moyoni.

Kama wewe ni kiongozi wa sifa au mwalimu wa kwaya, kagua orodha yako ya nyimbo kwa swali moja: ni nyimbo ngapi zinamtaja Mungu alivyo, na ni ngapi zinataja tutakachopata? Za kupata si dhambi. Lakini kusanyiko linaloimba kuhusu adui zake na baraka zake peke yake, mwaka mzima, litajikuta limejisahau mbele ya kioo. Ninaamini hili ni jambo la kusemwa wazi makanisani mwetu. Na tenga muda wa kunyamaza. Habakuki 2:20 inataka dunia yote inyamaze kimya mbele zake, na spika zetu mara nyingi hazimpi mtu nafasi ya kutii. Dakika mbili za ukimya, vyombo vyote vimezimwa, baada ya kusoma Isaya 6. Mara ya kwanza watu watakohoa na kugeuka geuka. Endelea kufanya, watazoea.

Hatua ya sita: Peleka ukuu huo kwa watu

Yohana 13:3-5 inasema Yesu, akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, aliondoka chakulani, akatwaa kitambaa, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Vyote viko mikononi mwake, na mikono hiyo inashika miguu yenye vumbi. Ukuu wa Mungu unapofunuliwa kikamilifu, ndivyo unavyoonekana, na msalaba ukafuata.

Kwa hiyo jipime nyumbani na barabarani. Yakobo 3:9 inashangaa ulimi unaomhimidi Bwana na kuwalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Dada wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, kondakta, muuza maji taa za barabarani, mlinzi wa getini. Chagua mmoja wao wiki hii. Jifunze jina lake, msalimu kwa jina hilo, ulipe anachodai kwa wakati. Mithali 14:31 inasema amwoneaye maskini humsuta Muumba wake. Mshahara wa dada wa kazi uliocheleweshwa unamgusa Mungu yuleyule uliyemwimbia Jumapili.

Hatua ya saba: Siku za msiba

Isaya alimwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi kilicho juu sana mwaka ule aliokufa mfalme Uzia. Uzia alitawala miaka 52. Watu wengi wa Yerusalemu hawakuwahi kuwa na mfalme mwingine maishani mwao. Kiti cha duniani kilipobaki wazi, nabii akaonyeshwa kiti kisichowahi kuwa wazi.

Naye Ayubu alipoteza watoto kumi, mali na afya. Mungu aliposema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakumpa sababu. Alimuuliza alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa, akamtembeza kwenye hazina za theluji, mbuzi-mwitu wa majabali, mbuni, farasi, tai. Ayubu akajibu katika sura ya 42 kwamba zamani alisikia habari za Mungu kwa masikio, ila sasa jicho lake linamwona. Jibu alilopata lilikuwa Mungu mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye mfiwa, usijilazimishe kuimba. Soma Zaburi 147:3-4 mara moja asubuhi na mara moja usiku. Kama huwezi kusoma, mwombe mtu akusomee. Siku nyingine utashikilia mstari wa 3 peke yake, na hiyo inatosha kwa siku hiyo, kwa sababu mwenye mstari wa 4 ndiye anayefunga jeraha.

Ukiwa umekwenda kufariji, chunga mdomo. Tuna desturi ya kusema “kazi ya Mungu haina makosa” kabla hata hatujaketi mkekani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni ya mfiwa kuyasema kwanza, siku atakapoweza. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza. Osha vyombo, chota maji, changia rambirambi, kesha na wenzako.

Kwa jumuiya na familia

Haya yote yanafanyika vizuri zaidi mkiwa wengi. Katika ibada ya nyumbani au jumuiya ya mtaani, someni andiko la mwezi, kisha kila mmoja ataje jambo moja aliloliona wiki hiyo lililomwonyesha ukuu wa Mungu, kwa sentensi mbili tatu tu. Waanze watoto, kwa sababu wakubwa wakitangulia, watoto watawaiga. Mtoto akisema ameona siafu wamebeba panzi, msikimbilie fundisho. Muulizeni walikuwa wangapi, walimbebaje, walikwenda wapi. Kisha mmoja wenu aombe akimshukuru Mungu kwa siafu hao. Mahitaji ya familia yafuate baada ya hapo, moja moja, na kila hitaji aliombee mtu tofauti na mwenye nalo. Andiko la mwezi unaofuata mchague pamoja kabla hamjaagana.